Kunguru Wadogo wa Uwanja wa Ngozi

3 Juni

Mvua imekwisha rasmi, kwa sababu Dada amesema. Alisimama mlangoni asubuhi, akanusa hewa kama mtu anayenusa mchuzi, akasema, "Kiangazi hiki. Toeni fremu." Tukazitoa ghalani zote sitini za kuwambia ngozi, tukazipanga chini ya mabati. Kutoka machinjioni zililetwa ngozi kumi na moja. Mimi nilikwangua nne. Mikono inanuka hata sasa ninapoandika.

Ni mwaka wa pili tangu nifike hapa, baada ya mume wangu kuoa mwingine na kunionyesha mlango. Dada alinipokea. Hilo haniachi nilisahau. Nalala kwenye chumba cha magunia ya chumvi, na kila nikilalamika ananiuliza kama chumvi inakoroma.

5 Juni

Ngozi tisa. Jua kali.

9 Juni

Kunguru wameanza. Si wale wakubwa wa mijini wenye shingo nyeupe. Hawa ni wadogo, ukubwa wa kuku mchanga, weusi tii, na shingoni wana kahawia kidogo ambayo huioni mpaka jua liwapige upande. Huku bara kwenye ukame ndio ndege pekee wasiohama. Viota vyao viko kwenye ule mti wa miiba uliosimama peke yake nyuma ya mashimo ya chumvi, na kimoja kiko juu ya nguzo ya simu isiyo na simu. Wanakwenda wawili wawili, mume na mke, wakitembea kwa madaha kama makarani wenye viatu vipya.

Wanafuata mafuta yaliyobaki kwenye ngozi. Mdomo ukidonoa mafuta haujui pa kusimama, unatoboa mpaka upande wa pili.

14 Juni

Leo amekuja mkaguzi. Ngozi sita zimeteremshwa kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, zote kwa matundu. Shemeji, yaani mume wa Dada, alitupa kofia chini. "Kunguru hawa watanifungia uwanja!"

Dada alikuwa anapapasa ngozi moja baada ya nyingine kwa kiganja. Uwanja huu ameuanzisha yeye kabla hajaolewa, akiwa na kisu kimoja na kamba. Shemeji alikuja kama dereva wa lori, akaoa, akawa bosi. Lakini kiganja ni cha Dada. Akifumba macho anaweza kukwambia ng'ombe alikuwa dume au jike.

"Kunguru hatoboi ngozi iliyokwanguliwa vizuri," akasema. "Anatoboa kazi mbovu. Hizi sita, tano ni za mdogo wangu."

Mbele ya mkaguzi. Mbele ya wawambaji wetu wawili, Mrefu na Kimya. Mbele ya Chumvi, anayetia ngozi chumvi, mwenye mdomo usio na mlango. Chumvi akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi wale ndege ni wakaguzi pia! Wapewe mshahara!"

Nilitabasamu. Usoni palikuwa pamekauka kama ngozi ya siku ya tatu.

15 Juni

Nimewachukia kunguru. Sikujua kwamba mtu anaweza kumchukia ndege kwa jina lake na la mkewe.

22 Juni

Shemeji amemnasa mmoja kwa kitanzi cha uzi wa kushonea magunia. Alimfunga miguu, akamning'iniza kichwa chini kwenye fremu tupu, akaniambia nishike ncha ya uzi na kuutikisa kila mara ili apige kelele. Alipiga. Sauti yao ni ya kukwaruza, kama mlango wa bati. Wenzake wote wakaja juu yetu, labda arobaini, wakizunguka na kushuka, na Shemeji akawa anawapiga kwa ufito. Aliangusha watano. Kila mmoja akianguka, Shemeji alinitazama kama vile tumefunga bao.

Naandika ukweli: nilifurahi. Mkono haukuchoka.

Yule wa kwenye uzi alikuwa na mwenzake. Wengine walipokimbia, huyo alibaki juu ya paa, hatua tatu kutoka nilipokaa, akiinamisha kichwa na kunitazama kwa jicho moja, kisha la pili. Hakupiga kelele. Nilitikisa uzi ili nione atafanya nini.

Dada alitoka jikoni, akaona, akaja moja kwa moja. Alimshika yule ndege, akamvunja shingo kwa pigo moja, akamtupa miguuni pa mumewe.

"Ukitaka kuua, ua. Usicheze."

Kisha akanigeukia. "Na wewe. Hicho kisu chako kimelala wapi? Kuna ngozi tano zinakungoja."

23 Juni

Mwenzake bado yuko juu ya paa.

24 Juni

Bado yuko.

25 Juni

Ameondoka, au amekufa. Ngozi kumi na nne.

8 Julai

Shemeji amesema chai yangu ina mkono mtamu. Amesema mbele ya Dada. Dada akajibu, "Basi akupikie," akaendelea kufunga kamba.

17 Julai

Shemeji amenipa ufunguo wa ghala. Mpaka leo ufunguo huo ulikuwa kiunoni mwa Dada. "Umri unakwenda, dada yako anasahau," alisema. Dada hasahau kitu. Ana miaka arobaini na minne. Lakini nilichukua ufunguo, nikauning'iniza kiunoni palepale alipokuwa akiuweka yeye, na siku nzima nilikuwa nikitembea ili ulie.

19 Julai

Chumvi ameniita "mke mdogo." Nilikuwa napita na ndoo. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Pisheni njia, mke mdogo anapita na funguo zake!" Mrefu alicheka. Hata Kimya alicheka, na huyo hajawahi kumaliza sentensi.

Nilimwambia Chumvi, "Chunga ulimi wako."

Akajibu, "Mimi nakaa na chumvi kutwa, ulimi wangu hauozi."

Dada alikuwa dirishani. Alisikia. Hakusema lolote, na kutosema kwake kulinikera kuliko maneno ya Chumvi.

29 Julai

Mkaguzi tena. Ngozi tisa zimeteremshwa. Nne zangu, tano za Shemeji mwenyewe, ila hizo tano hakuna aliyezitaja. Shemeji amesema sasa basi, atatumia dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Ataichanganya na mafuta tunayokwangua.

Dada alimjia juu. "Hao kunguru ndio wanaokula wadudu wa ngozi. Ua kunguru, utaona dumuzi watakavyotutafuna. Na mafuta hayo watu wanayabeba. Chumvi anabeba kila jioni."

"Chumvi anampelekea mbwa wake."

"Chumvi hana mbwa. Mbwa alikufa mwaka jana. Unadhani mafuta yanakwenda wapi?"

Shemeji alimwambia nyumba hii ina bosi mmoja. Nilikuwa hapo. Nilisikia kila neno. Nataka ijulikane, angalau ndani ya daftari hili, kwamba nilisikia.

6 Agosti

Leo tumeweka dawa. Dada anaumwa jino, shavu limevimba kama embe, amelala chumbani tangu jana, mlango umefungwa. Shemeji aliona ndiyo nafasi.

Harufu ya dawa ile inapanda hadi kwenye ubongo. Nilitafuta kitu cha kufunga puani. Nyuma ya mlango wa jikoni palining'inia kitambaa cha Dada, kile cha njano anachojitanda kila siku akiwa kazini. Nikajifunga kichwani na usoni, macho tu yakabaki. Nikachanganya kwenye beseni, nikapanda ngazi, nikayapanga mafuta mabonge mabonge juu ya paa na chini ya mti wa miiba. Kunguru walinizunguka tangu nikiwa juu ya ngazi. Wanaamini haraka. Wengine walidonoa kabla sijatoa mkono. Beseni lenye mafuta yaliyobaki nikaliacha kivulini, karibu na mapipa ya mafuta, na kitambaa nikakirudisha nyuma ya mlango.

Shemeji aliniita kabla ya kwenda machinjioni. "Waambie watu wote wasiguse mafuta ya leo. Wote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shemeji."

Nikawaambia Mrefu na Kimya. Chumvi alikuwa mbali, kwenye mashimo, akiimba. Niliona nisimwite. Nikajiambia nitamwambia akija kunywa maji. Alipokuja kunywa maji alisema, "Leo mke mdogo kanuna, bwana kalala kwa mke mkubwa nini?" Nikaondoka.

Saa sita walianza kuanguka. Kunguru aliyekula dawa hafi kama aliyepigwa. Anatembea kwanza, anatembea vizuri kabisa, kisha anakaa kama mtu aliyekumbuka jambo, anatoa povu, mabawa yanafunguka yenyewe. Wenzi wao walisimama pembeni yao, wakiwavuta manyoya. Kisha na wao wakakaa. Nilihesabu mpaka sitini na tatu, nikaacha. Tuliwazoa kwa koleo. Wengine walikuwa bado wanapepesa macho. Tukawafukia pamoja.

Saa kumi Chumvi alikwenda kwenye mapipa na kopo lake. Nilikuwa kwenye mlango wa ghala, hatua ishirini, labda kumi na tano. Alichota kutoka kwenye beseni. Alijaza kopo, akaligonga chini ili mafuta yashuke, akaongeza. Akaniona ninamtazama. Akanipungia kopo, akasema, "Bado kidogo tu, mke mdogo, nitakuachia na wewe ukaangie!"

Nilifunga ghala. Nikasikia kufuli likilia. Nikaingia jikoni kuweka chai.

7 Agosti

Chumvi hakuja kazini.

7 Agosti, mchana

Mke wake amekuja akikimbia bila viatu. Walikaanga maandazi kwa mafuta yale jana. Chumvi alikula mengi, yeye alionja tu kwa kuwa alikuwa na kichefuchefu, ana mimba changa. Amesema mumewe alianza kutoka jasho, kisha mate, kisha akawa haoni. Walimpeleka zahanati kwenye toroli. Daktari aliuliza, "Amekunywa dawa ya kupe?"

Amekufa kabla ya adhuhuri. Miaka arobaini na mmoja. Kwa jina lile ungedhani angekula nyingi.

Nilimshika mke wake mabegani. Nikampa maji. Ananiambia, "Wewe una moyo, dada yangu, wewe una moyo."

8 Agosti

Tumezika. Niliosha masufuria ya matanga mpaka vidole vikakunjamana. Dada alikuja na shavu lake limefungwa kwa leso, hakuweza hata kusema pole vizuri. Watu waliona kama amenuna.

9 Agosti, asubuhi

Shemeji aliniita ghalani. Alifunga mlango, mwanga ukawa unaingia kwenye nyufa za mabati tu.

"Mpelelezi anakuja leo. Nilikuambia uwaambie nani?"

"Wote."

"Ukawaambia?"

Niliushika ufunguo kiunoni. Alinitazama muda mrefu, nikaona namna hesabu inavyopita usoni mwake. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha.

"Basi mimi sikukuambia wewe kitu," akasema. "Nilimwambia dada yako. Nilimwachia yeye maagizo, yeye ndiye mwenye nyumba. Umeelewa?"

"Mrefu na Kimya wanajua ni mimi niliyewaambia."

"Dada yako alikutuma kwa hao wawili. Akasema Chumvi atamwambia yeye mwenyewe." Alikuwa ameshafikiria. "Unanielewa, au nimwambie mpelelezi jinsi ilivyokuwa?"

"Na dawa? Nani aliweka dawa?"

"Wewe unadhani Mrefu na Kimya waliona nini kule juu ya paa? Waliona kitambaa."

Mpaka hapo, naapa, nilikuwa sijafikiria kitambaa.

9 Agosti, jioni

Naandika yote, hata mkono ukiuma.

Mpelelezi ni mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuja na kaka wawili wa marehemu na mjane mwenyewe. Alituketisha uwanjani kwenye magunia. Shemeji alisema yake kwa huzuni kabisa, hata mimi nusura nimwamini: kwamba aliacha maagizo kwa mkewe, kwamba hajui ilikuwaje.

Mpelelezi akamuuliza Mrefu, "Nani aliweka dawa?"

"Tuliona mtu wa kitambaa cha njano juu ya ngazi. Uso ulikuwa umefungwa."

"Kitambaa ni cha nani?"

Mrefu alitazama chini. "Cha mama. Cha bosi mwanamke."

Akatumwa mtu kumwita Dada. Shavu lilikuwa limepungua, na alikuwa amejitanda kitambaa chake kama siku zote, kwa nini asijitande? Alipiga hatua nne tu nje ya mlango wa jikoni.

Kunguru waliobaki ni saba. Walikuwa kwenye nguzo ya simu, wamekaa kimya tangu tulipozika wenzao. Walipoona kitambaa cha njano waliruka wote kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Walimjia Dada kichwani na usoni, wakishuka kwa zamu, wakikwaruza, wakimgonga kwa midomo na kurudi juu na kushuka tena. Alijikinga kwa mikono. Damu ilimtoka juu ya nyusi. Tulikuwa watu wanane pale uwanjani, na hakuna hata ndege mmoja aliyemgusa mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa kichwa wazi, hatua kumi kutoka kwake, na yule aliyekuwa amenitazama kwa macho yote mawili juu ya paa sijui kama alikuwamo. Hakuna aliyenitambua.

Mmoja wa kaka wa marehemu alisimama. "Mnaona? Hata ndege wanamjua!"

Kimya, yule asiyemaliza sentensi, akamaliza moja: "Kunguru hasahau aliyemuua mwenzake."

Dada alikivuta kitambaa kichwani ili ajikinge nacho. Kilipokunjika mkononi, ndege walipanda juu, wakachanganyikiwa. Akabaki amekishika. Akakileta puani. Nilimwona akinusa. Pua yake inajua ngozi ya dume na ya jike, ingeshindwaje na dawa ya kupe?

Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Nani alivaa kitambaa changu?"

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti aliyokuwa akiniulizia tukiwa wadogo, nani amekula sukari.

Mpelelezi aligeuka kwangu. Mjane aligeuka. Nilisikia nzi kwenye ngozi.

"Sijui, Dada," nikasema. "Wewe ndiye unayekivaa."

"Mdogo wangu."

"Ulinituma niwaambie hawa wawili. Ukasema Chumvi utamwambia mwenyewe." Ilitoka nyepesi, kama kitu nilichokuwa nimekihifadhi muda mrefu. "Labda jino lilikusahaulisha."

Alifungua mdomo. Jino, au uvimbe, au nini sijui, neno halikutoka upesi, na kabla halijatoka mjane alikuwa amemrukia, akimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Dada hakujikinga. Alisimama tu huku anapigwa, ananitazama juu ya kichwa cha yule mwanamke.

Walimchukua kwa pikipiki ya mpelelezi. Kitambaa wamekichukua kama ushahidi.

10 Agosti

Ngozi saba.

11 Agosti

Ngozi kumi na mbili. Hakuna tundu hata moja.

21 Agosti

Wamemwachia. Mpelelezi amesema ni uzembe, kesi itangoja, aripoti polisi kila mwezi huko kijijini kwa mama yetu. Alirudi hapa saa tano kuchukua nguo. Shemeji alikuwa ameziweka kwenye gunia na kuliacha nje ya lango, na talaka juu yake ndani ya bahasha. Kaka wa marehemu walikuwa ng'ambo ya barabara wakihakikisha haingii.

Alisimama langoni. Mimi nilikuwa ndani, na ufunguo. Alitupa macho uwanjani, fremu moja baada ya nyingine.

"Ile ya tatu umeivuta sana upande mmoja," akasema. "Itapasuka."

Kisha akabeba gunia kichwani, akaenda zake.

Ilipasuka saa tisa.

2 Septemba

Nimehamia chumba kikubwa, cha Shemeji. Nadhani hakuna haja ya kueleza.

11 Septemba

Dumuzi. Wadudu weusi wadogo, na viwavi wao wenye manyoya, wako chini ya kila ngozi. Zamani kunguru walikuwa wanawachokoa asubuhi kabla sisi hatujaamka. Sasa wanazaana kama hawana kazi nyingine. Wametafuna ngozi kumi na tisa. Si matundu ya mdomo wa ndege, ni njia nzima nzima, kama maandishi.

Shemeji alizitupa barabarani moja baada ya nyingine. "Hii ndiyo kazi yako? Dada yako angekwishaona tangu siku ya kwanza!"

"Dada yangu ndiye aliyekuambia usiue kunguru."

Kofi lilikuja kabla sijafunga mdomo. Mrefu na Kimya waliendelea kufunga kamba.

14 Septemba

Chai yangu sasa ni maji ya kuoshea mikono.

20 Septemba

Mjane wa Chumvi ameniletea kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe. Tumbo limeanza kuonekana. Amesema akijifungua mtoto wa kike atampa jina langu, kwa sababu siku ile wengine wote walikuwa wanatazama na mimi peke yangu nilimpa maji. Nilimwambia asijisumbue. Alishika mkono wangu akaubusu. Nimekitandika juu ya meza. Kimekaa vizuri.

29 Septemba

Wale saba wameondoka. Nguzo ni tupu, mti ni mtupu. Kimya anasema wameona hapa hapafai. Ameimaliza sentensi hiyo pia.

4 Oktoba

Ngozi sita. Dumuzi wamekula tatu. Shemeji hajasema nami kwa siku mbili, na mimi nashukuru.

13 Oktoba

Mama amekuja.

Sikutegemea. Ana miaka sabini na miguu yake imevimba, na kutoka kwake mpaka hapa ni magari mawili na mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alifika saa nne, vumbi mpaka kope. Shemeji alikuwa machinjioni. Nilimtandikia mkeka, nikamletea chai. Hakuigusa.

"Sikuja kunywa chai, mwanangu. Kaa."

Nikakaa.

"Dada yako yuko kwangu miezi miwili sasa. Wiki ya kwanza hakusema. Nilimlazimisha. Ananiambia ni wewe. Ulivaa kitambaa chake, ukaweka sumu, ukaambiwa umwonye yule marehemu, hukumwonya. Kisha ukamtupia yeye."

Alikohoa. Nilimsogezea kikombe, akakisukuma.

"Mimi si polisi. Sitakwenda popote kusema. Nimekuja uniambie kwa mdomo wako, ili nijue ninalala nyumba moja na nani. Wewe tangu utoto hujawahi kunidanganya. Dada yako alikuwa akificha mambo, mkaidi, mdomo mgumu. Lakini wewe, ulipovunja ile taa ya baba yako, ulikuja mwenyewe na vipande mkononi. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Taa ile aliivunja Dada. Aliniomba niseme ni mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mdogo na nisingepigwa sana. Halafu akanipa sukari yake ya wiki nzima.

"Nakumbuka, Mama."

"Basi niambie."

Nilitazama mikono yake. Ni mikono ya Dada, imezeeka tu. Ningeweza kusema pale pale. Hakukuwa na mtu, mlango ulikuwa wazi, kuku walikuwa wanaparua nje. Angelia, angenipiga, angenikumbatia, sijui lipi lingetangulia. Kisha ningeondoka hapa pamoja naye na vumbi lake, nikakae chumba kimoja na Dada, anitazame kila siku.

"Ni yeye, Mama," nikasema. "Ananisingizia kwa sababu Shemeji amenioa."

Alikivuta kikombe karibu. Kisha akanywa chai, yote, bila kupumzika, ingawa ilikuwa imepoa. Akasimama kwa shida, akakiosha kikombe mwenyewe, akakifudikiza.

"Nilijua," akasema. "Nilijua, ila yule analia vizuri. Miezi miwili anakula mkononi mwangu, na anamchafua mdogo wake. Nikifika nyumbani nitamwambia atafute pa kwenda."

"Atakwenda wapi, Mama?"

"Unataka akae?"

Hapo palikuwa na nafasi nyingine. Niliiona wazi kama mlango. Nikasema, "Wewe ndiye mama. Fanya unavyoona."

Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikimbebea mkoba. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea baraka kwenye utosi kama alivyokuwa akifanya tukiwa tunakwenda shule, sisi wawili, mmoja baada ya mwingine.

26 Oktoba

Mawingu. Tumerudisha fremu ghalani. Nimeziingiza peke yangu, kwa sababu Mrefu na Kimya wamepata kazi kwingine.

Dereva wa lori la chumvi ameleta salamu kutoka kwa Mama. Dada ameondoka alfajiri ya Jumatatu, hakuaga, hakusema anakwenda wapi. Mama anasema niwe na amani. Anasema zamani alikuwa anatuombea wawili, sasa ananiombea mimi tu.